Siku Tatu za Bi Mahfoudha

Mwishoni mwa mwaka 1970, katika teksi ya kwenda Matrah, Oman, nilikaa nyuma na Bi Mahfoudha, mwezi mmoja tu tangu ashuke melini kutoka Unguja. Mbele, kando ya mwenye teksi, alikaa Aflah, dereva wa lori la Nizwa aliyejifunza Kiswahili Pemba. Hawakuwa wakijuana, lakini hilo halikuwazuia kubishana.

“Leo nnaimaliza Muscat,” alisema bibi. “Kesho Nizwa. Keshokutwa naondoka alfajiri, jioni nafika ngome ya Jabrin.” Aflah aligeuka. “Jioni? Kwa gari ni mwendo wa saa moja na nusu tu.” “Babu alisema kutwa nzima.” “Babu yako alikwenda na punda, bibi.”

Bibi hakutetereka. “Basi saa zitakazobaki ntakaa ngomeni. Nnataka kukiona chumba cha kuwekea tende, asali yake ilipokuwa ikichuruzika sakafuni. Nimelala na hadithi hiyo miaka hamsini.”

“Ngome zote ni kuta tu. Ndani hamna kitu.”

“Umeingia?”

Ghafla Aflah akavutiwa na milima. “Nimezaliwa chini ya ukuta wa ngome ya Nizwa,” alisema. “Kwetu mtu haingii mpaka aitwe, na hakuna anayeomba kuitwa.”

“Mimi sijaitwa, na ntaingia. Lori lako linaondoka saa ngapi kesho?”

“Saa kumi na moja alfajiri. Lakini ntakushusha sokoni Nizwa.”

“Utanifikisha mlangoni mwa ngome yenu, mwanangu, na utaingia na mimi.”

Teksi ikasimama Matrah. Bibi alishuka. Aflah alikuwa ameshika kitasa cha mlango, lakini hakuufungua, kana kwamba anangoja kuitwa.