Marcienne na Neno la Maji

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chungu jikoni, kiangalie kwanza, maana leo tunazungumza habari za moto. Jumanne iliyopita Mama Marcienne alitutoka. Marcienne, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, muuza maharage, mwanzilishi wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Habari zake tumezipata kwa Twinomujuni wa Rwekubo, sajini mstaafu, aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili. Mzee huyu aliingia studio yetu hapa Kakoba, Mbarara, akavua kofia, akavuta kipaza sauti karibu. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka mingi hata mkewe Natukunda hakuwahi kulisikia.

"Mimi nilicheka," alisema. "Siku nyumba ya huyu mama naungua, mimi nilicheka."

Turudi nyuma kidogo. Ni mwaka 2013, saa nane mchana, Rwekubo, mji mdogo karibu na kambi. Marcienne na mumewe Ladislas wamepanga chumba nyuma ya maduka. Ladislas yuko kitandani, mguu umevunjika. Cheche za sigiri ya makaa zinashika pazia. Marcienne, aliyekuwa nje akichagua maharage, anakimbia mpaka bombani, ambako Wanyankore, wenyeji wa pale, wamekaa na jerikeni zilizojaa maji. Anapiga kelele kwa Kirundi: amazi, amazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa Kirundi, amazi ni maji. Kwa Kinyankore, maji ni amaizi, na amazi ni mavi. Ndiyo, mavi. Mlio mezani mtatusamehe.

Watu walimwona mama mgeni akiomba mavi katikati ya barabara. Wakacheka. Twinomujuni, amekalia jerikeni yake, alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaona moshi. Wote walikimbia, lakini walikuwa wamechelewa. Ladislas hakupona.

Wiki tatu baada ya mazishi, sajini alikuwa uani kwake akinoa panga. Akamwona Marcienne anakuja, kitambaa cha matanga kichwani. Alijua amefuatwa kwa ajili ya kile kicheko.

"Afande," Marcienne alimwambia, "wewe ni mwanajeshi, unajua kupanga watu. Njoo unifundishie watu kuzima moto. Sitaki mwingine afe kama bwana yangu."

Sajini alikubali hata kabla mama hajamaliza kusema. Lakini kuhusu kicheko hakusema neno. Aibu ilimfunga mdomo, na iliendelea kumfunga miaka kumi na miwili.

Kikosi kilianza na watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja tu, wasikilizaji. Hawakuwa na gari wala mpira wa maji. Walikuwa na ndoo, mabeseni na mablanketi ya kulowesha. Siku ya kwanza ya mazoezi waligombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa neno. Wanyankore walitaka kuita amaizi. Gradi, fundi cherehani kutoka Congo, akasema, "Sisi tunasemaka mayi, tena ni fupi." Marcienne alikataa maneno yote, hata amazi la kwao.

"Tutaita maji," alisema. "Mwenye kucheka acheke leo, moto haupo."

Sajini alitazama chini.

Miaka mitatu baadaye, kiangazi, moto ulishika nyumba za maturubai kule kambini, na upepo unavuma. Sauti moja ikaita maji. Ikajibiwa na nyingine, na nyingine, mpaka kilimani. Sajini alisimama akashangaa. Watu tisini walikuwa wamejipanga kutoka bombani, Warundi, Wakongomani, Wanyankore, ndoo zilizojaa zikipita kulia, tupu zikirudi kushoto, na mbele kabisa, pale joto linapochoma nyusi, alikuwa Marcienne. Nyumba nne ziliungua. Hakufa mtu hata mmoja.

"Watu tisini," sajini alituambia, "na hakuna hata mmoja nauliza jirani yake ni kabila gani. Mimi jeshini sikuona kitu kama hiyo."

Mwezi uliopita Marcienne alilazwa hospitali Mbarara. Sajini akaenda, akakaa kando ya kitanda, na hatimaye akasema: mama, siku ile bombani mimi nilicheka.

Binti wa Marcienne, Clémence, alikuwepo, naye akatusimulia. "Mama alimwambia, 'Nilikuona, afande. Nilijua tangu siku ile.' Mzee akaanza kulia. Akamuuliza, sasa kwa nini ulikuja kwangu? Mama akasema, 'Nilikuwa natafuta mtu ambaye hatachelewa tena.'"

Na kweli, wasikilizaji wapendwa, sajini hakuchelewa, hata siku moja, miaka kumi na miwili.

Clémence, wewe na wajukuu, poleni sana. Kikosi kizima, poleni. Nawe sajini, pole. Mungu ampumzishe Marcienne pamoja na Ladislas wake.

Na wewe unayetusikiliza, lichukue hili ulifikirie. Jirani yako akipiga kelele kwa lugha usiyoijua, usikae kutafuta maana. Simama uende.