Fundi Aliyepiga Marufuku Penseli

Ijumaa hii, tarehe 30, Fundi Kioo anaweka chini vifaa vyake baada ya miaka thelathini na minne ya kukagua na kutibu kutu kwenye miili ya ndege za abiria. Jina hilo tulimpa sisi, kwa ajili ya kile kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, kisichotoka mfukoni hata wakati wa kula.

Alianza kama mfagiaji wa karakana. Siku moja alikutwa amelala chali chini ya tumbo la ndege, ufagio pembeni, anamulika bati. Badala ya kufukuzwa, akahamishiwa ukaguzi. Wengi wetu hukimbilia injini, zenye mngurumo na sifa. Yeye alipenda chini ya jiko la ndege, pale chai inapomwagika ikajipenyeza sakafuni na kukaa miaka bila mtu kujua. Kutu ya kule si nyekundu kama ya geti la nyumbani. Ni nyeupe kama unga, na kabla haijajitokeza, rangi huvimba kidogo tu. Fundi Kioo hufumba macho, akapapasa kwa vidole. Akisema ipo, ipo.

Mkewe anasema nyumbani ni yale yale. Walipokwenda kumposea kijana wao, mzee alitoweka sebuleni, akakutwa jikoni kwa wakwe amepiga magoti, kioo kiko chini ya jokofu la watu. Anamshukuru Mungu posa ilikubaliwa.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa penseli. Ule weusi wake ukibaki kwenye bati la ndege, bati huanza kuliwa taratibu palepale mstari ulipopita. Kwa hiyo kila aingiaye alipekuliwa mlangoni. Mama mmoja wa ofisini alinyang'anywa hadi penseli ya nyusi.

Hapa naomba niseme jambo nililolificha miaka kumi na tisa. Nilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio, nina watoto wawili wananitegemea. Nilisugua kutu, nikakata kiraka, nikakifunga kwa ribiti arobaini, zile pini za kubania bati. Abiria walikwisha panga foleni. Fundi Kioo akaja kutia sahihi, akanitazama kichwani. Penseli ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zangu, mlinzi wa mlangoni hakuiona. Akaichomoa, akaitia mfukoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo niliyochorea kiraka. Ulimi ulitaka kusema hapana. Mungu akanisaidia, nikasema ndiyo.

Tulizitoboa ribiti zote arobaini, tukafuta mstari, tukaanza upya. Ndege ikachelewa kwa saa tano. Mkuu wa karakana alipokuja anafoka, akitaka kujua ni nani, Fundi Kioo alijibu kwamba ukaguzi ni wake, basi na kosa ni lake. Akaandikiwa barua ya onyo, na mwaka ule akakosa cheo cha usimamizi alichostahili. Mimi nilisimama pale na drili mkononi, kimya.

Wiki iliyopita, akisafisha kabati lake, aliniita. Akanipa ile penseli, ncha yake vilevile. Akasema, mwanangu, mali yako hii, mimi siwezi kustaafu na vitu vya watu. Akacheka. Mimi sikuweza.

Basi Fundi, mbele ya wote: kosa lilikuwa langu. Nimemwomba mkuu wa karakana aweke maandishi haya kwenye jalada lako, juu ya barua ile. Ndege ile imerudi kwetu mara nyingi, na kila mara nimefumba macho nikakipapasa kile kiraka. Ni laini kama siku ile.

Asante kwa macho yako, na kwa mgongo ulioubebesha mzigo wangu. Mwenyezi Mungu akujalie afya, wajukuu wengi, na magoti ya kupiga mbele Yake tu, si chini ya majokofu ya watu. Nenda ukapumzike kwa amani ya moyo, baba. Na usiwe na wasiwasi: penseli nimeiacha kwa mlinzi, mlangoni.