Ngoma za Wimbo wa Tatu

Ndani ya basi la kwenda Akron, Loretta alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa amemng'ang'ania mzee aliyemtambua kwa picha ya jalada la albamu iliyouzwa kwa mamilioni.

"Si wewe ndiye Dwayne, mpiga ngoma? Wimbo wenu wa tatu tuliupiga siku ya kumzika mwanangu. Zile ngoma zako, mzee wangu, ndizo zilizonishika mkono."

"Si zangu, mama. Studio walikodi mtu mwingine apige. Mimi nilikaa nje garini siku tisa, nikaitwa kupigwa picha tu."

"Acha utani! Mbona jina lako limeandikwa?"

"Limeandikwa, ndiyo."

Loretta alifunua ukurasa. Hata matangazo ya vifo yalikuwa na uchangamfu zaidi kuliko kiti kile.

"Si ungenyamaza tu, baba?" mama akasema. "Ungepungukiwa nini?"

"Nimenyamaza miaka arobaini. Nimechoka."

Basi likasimama, mzee akashuka bila kuaga. Vidole vya mama vikaanza kupiga mdundo ule gotini, kama vilivyozoea, kisha vikasita katikati.