Fumiyo Asakawa na Kaburi la Watu Wawili

Marehemu Fumiyo Asakawa alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 mjini Matsue, mtoto wa tatu wa msuka mikeka. Alisoma hapohapo, akaacha shule mwaka 1959 baba yake alipougua.

Alijifunza kutengeneza cherehani zilizoharibika. Mwaka 1971 mshona kimono mmoja, Yasuno Kadowaki, alimwita kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Fumiyo akaifungua mashine, akacheka.

"Bibie, skrubu hii haikulegea yenyewe."

"Nimekualika chai mara mbili, hukuja. Ningekuitaje tena?"

Tangu mwaka 1973 waliishi pamoja. Majirani waliwaita "wale dada wawili", nao hawakuwasahihisha. Wa nyumbani tulijua ni wapenzi. Sheria haikuwafungisha ndoa. Walizeeka hivyo, wakipakana dawa ya magoti na kugombania miwani.

Mama yake Yasuno alipopooza, Fumiyo alimlisha na kumwogesha miaka saba. Siku ya mazishi ya mama huyo, Kunihiko, mdogo wake Yasuno, alimwinamia kwa heshima: "Dada Fumiyo, wewe ni wa kwetu. Hata kaburini hamtatenganishwa." Kwa neno hilo wakanunua kaburi lao, wakachongesha majina yao mawili kwenye jiwe lake.

Yasuno alifariki Juni 2014. Mwili ulipokwisha kuchomwa, ndugu waliingia wawili wawili kuokota kwa vijiti mifupa ya kuzikwa, kama ilivyo desturi. Kunihiko akaziba mlango.

"Dada, humu ni ndugu tu."

"Na mimi je, Kunihiko?"

"Usiniaibishe mbele za watu. Siku ya arobaini na tisa ya matanga ikipita nitakuletea sehemu yako."

Ilipita. Mifupa yote ikaingia kaburi la akina Kadowaki. Fumiyo alipokwenda kuuliza, mke wa Kunihiko alimjibu dirishani: "Tangu lini rafiki akarithi mifupa?" Toka siku hiyo hakumwamini tena mtu aliyeinama sana.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, mpwa wake Kiwa akiwa kando. Aliuliza, "Wameleta?" Kiwa akajibu, "Bado, shangazi."

Juzi mchonga mawe alikuja kaburini kufuta rangi nyekundu, ile inayopakwa kwenye majina ya walio hai, akataka kuifuta kwenye majina yote mawili. Kiwa alimruhusu la Fumiyo tu.

"Na huyu? Si alikwisha kufa?"

"Alikufa, ila hajafika. Liache."

Marehemu ameacha mpwa, Kiwa, na mume wa Kiwa, Shogo. Bwana Kunihiko Kadowaki alialikwa mazishini, hakuja. Upande wa kushoto wa kaburi uko wazi.

Apumzike kwa amani Fumiyo wetu, huku akimngoja mwenzake.