Sista Rosebella, Aliyeyapa Macho Hewa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia macho ya Kibera na Kawangware, Sista Rosebella Aketch, muuguzi wetu wa macho, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Macho yetu yamebaki mazima. Masikio ndiyo yamechoka.

Alianzia kliniki yetu ya Gatwekera, Kibera, akahamia tawi la Kawangware, eneo la 46, na kote alihubiri somo moja. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haina mshipa wa damu. Inapata nguvu kama jiko la makaa: sukari inatoka kwenye maji yaliyo nyuma yake, hewa inaingia kutoka nje kupitia machozi. Zuia hewa, moto unafifia, kioo kinavimba na kuingia ukungu. Alilitoa somo hili akinywa chai ya vijiko vinne vya sukari, na hakuna aliyethubutu kumkosoa.

Anayelijua somo hilo zaidi ni Valary Kavetsa, fundi cherehani wa kijiji kiitwacho Raila, hapo Kibera. Alinunua lenzi za rangi, zile za kubandika juu ya jicho, kwa ajili ya harusi ya dadake, akapendeza mno, akalala nazo. Jicho la kulia likawaka. Shangazi zake, kwa mapenzi tu, wakalifunga kwa leso iliyokazwa ili lipumzike, lenzi ikiwa bado ndani. Alipoletwa kwetu, jicho hilo halikuona hata vidole vyake, na fundi asiyeona sindano hana kazi.

Sista hakumgombeza mtu. “Fungueni hiyo leso,” aliwaambia. “Kioo ya jicho haina damu, inapumua hewa. Hapa mnainyonga.”

Akaitoa lenzi, akampeleka Valary kwa daktari yeye mwenyewe, na matone ya dawa yakaanza palepale. Kisha akawa anapita Raila kila asubuhi kabla ya kazi kuhakikisha hakuna tone lililorukwa. Ukungu ukaondoka. Tulishinda, na tunalisema kwa kujigamba! Siku hizi shangazi wale ndio wanaowafokea wasichana wanaolala na lenzi, tena kwa ukali kumshinda Sista.

Gauni la kijani alilovaa Sista leo kwenye hafla hii ya kumuaga limeshonwa na Valary.

Asante sana, Sista. Nenda nyumbani Ugenya ukapumzike, chai yako iwe tamu na siku zako ziwe za heri. Kifungo kikilegea, fundi wako yupo Raila, na uzi anautunga mwenyewe kwenye tundu la sindano.