Mjomba Boadi na Magoti Sitini na Manne

Baada ya miaka thelathini na saba ya kazi, Bwana Akwasi Agyapong Boadi, karani wa ufuatiliaji wa wagonjwa katika Kitengo cha Mifupa, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Jumanne inayofuata atarudi hapa hapa akiwa mgonjwa, goti lake bandia la kulia litolewe na kuwekwa jingine. Ataingia chumba cha upasuaji akijua vizuri kuliko sisi sote yaliyowapata waliorudiwa upasuaji wa goti kabla yake. Jinsi alivyoyajua ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Alianza mwaka 1988 akiwa msukuma machela. Jioni alikuwa golikipa wa timu ya hospitali, na huko ndiko goti lilikoharibikia, ingawa yeye husema liliharibiwa na uvivu wa mabeki wake. Baadaye alihamishiwa kwenye kabati la mafaili, akajulikana kwa kukumbuka kila sura na kwa maswali yasiyoisha. Sote tunamwita Mjomba, hata madaktari waliomzidi cheo. Siku niliyoripoti chumba cha plasta aliniuliza kwa nini plasta hupata joto inapoganda. Nilikuwa na cheti kipya mkobani, na jioni ile nikafungua tena vitabu vyangu.

Goti bandia aliwekewa mwaka 2016. Lilimtii miaka saba, kisha likaanza kucheza, na picha ikaonyesha kuwa chuma kimelegea kwenye mfupa. Dkt. Sarpomaa Adinkra, mkuu wetu, akamshauri apasuliwe tena. Mtu mwingine angeuliza tarehe. Mjomba alikwenda kabatini kutazama wale waliopasuliwa mara ya pili wanaendeleaje. Walikuwa sitini na wanne, kila mmoja goti moja, na fomu za hamsini na wanane zilisema "vizuri".

Ilikuwa habari ya kumfurahisha, ila alama zile alizitia yeye mwenyewe na alikumbuka vizuri alivyozitia. Kila mwaka alimpigia mgonjwa simu, akamuuliza goti linaendeleaje, naye mgonjwa akamjibu kama kila mtu anavyojibu hapa kwetu: "Kwa neema ya Mungu." Fomu ilikuwa na vizuri, wastani na vibaya. Neema haikuwa na kisanduku chake, na Mjomba, mzee wa kanisa, hakuona angewezaje kuiweka penye vibaya. Kwa miaka kumi na mmoja aliiweka penye vizuri.

Basi akaomba gari na dereva, akaanza kuwatembelea mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Bi Birago wa Bekwai, muuza vitambaa. Mgeni alipewa maji, akaulizwa lililomleta, akalisema, na goti likawa kwa neema ya Mungu kama kawaida. Mjomba alikuwa ameshaanza kuaga alipokiona kigoda kifupi anachokalia mtu akigeuza fufu, ule muhogo na ndizi tunaotwanga kinuni, kimetundikwa juu ukutani, kina vumbi.

"Siku hizi fufu anageuza nani hapa?" akauliza.

"Mjukuu."

"Tangu lini?"

"Tangu mnipasue mara ya pili." Bi Birago akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa ulitaka nisemeje, kaka yangu? Yule daktari kanihangaikia mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, halafu nimwambie bado linauma? Mimi nimelelewa bwana."

Kuanzia siku hiyo Mjomba alitembea na kigoda garini. Hakumuuliza tena mtu goti likoje. Alimwomba akae, ainuke, kisha wazungumze. Kule Ejura mwalimu mmoja mstaafu alikaa na kuinuka mara tatu mfululizo, akakisukuma kigoda mbele. "Haya, karani, zamu yako." Mjomba akakaa, na ikabidi dereva na watu wawili wamnyanyue. Anasema ndipo alipogundua kuwa mtu akishakuona unachechemea kama yeye, hana haja tena ya kukuficha.

Matokeo yake alinionyesha mimi kwanza, kwenye karatasi aliyoikunja mara nne. Watatu walikuwa wamefariki kwa maradhi mengine. Thelathini waliinuka bila msaada. Kumi na tisa walikuwa na nafuu, ila fimbo hawakuiacha. Kumi na wawili walikuwa pale pale au wamezidi. Kilichomnyima raha ya chakula ni kutaka kujua kwa nini huyu na si yule. Akarudi kwenye mafaili, na polepole sura ikajitokeza: waliorudiwa kwa sababu chuma kililegea, wengi walikuwa miongoni mwa wale thelathini. Waliopata usaha gotini wengi wao walibaki na fimbo. Waliorudiwa kwa maumivu ambayo chanzo chake hakikujulikana, karibu wote walikuwa kati ya wale kumi na wawili, na Bi Birago alikuwa mmoja wao.

Wakati huo Dkt. Sarpomaa alikuwa ameshaandika ripoti ya kwenda kuisoma Accra, kwenye mkutano wa madaktari wa mifupa, kwa hesabu za zamani. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. "Mjomba, unataka nikaaibike mbele ya wenzangu?"

"Daktari, mimi ndiye wa sitini na tano," Mjomba alimjibu. "Naomba uniambie ukweli kabla hujanishika."

Daktari aliketi, akaivuta ripoti yake na kuanza kufuta. Tangu hapo hakuna anayepasuliwa tena hapa kwa maumivu tu kabla chanzo hakijatafutwa, na kila mmoja huelezwa mapema wenzake wa aina yake waliendeleaje. Ni kazi ya karani mmoja, na ninajivunia kuiandika.

Ilimchukua miaka miwili, na muda wote huo alikataa kupasuliwa. Nilimtania kwamba anaogopa kisu. Leo namwomba radhi.

Wiki iliyopita nilimpa fomu ambayo sasa kila mgonjwa huijaza kabla ya upasuaji. Swali la mwisho aliliongeza yeye mwenyewe: unataka goti hili likuwezeshe kufanya nini? Nilidhani ataandika mpira. Aliandika hivi: "Kupanda ngazi ishirini na mbili za nyumba ya dada yangu Frema. Alipooza mwaka juzi na hawezi kushushwa. Mimi huongea nikiwa uani, yeye hunijibu kutoka kitandani. Tangu hapo sijauona uso wake."

Kila Jumatatu nilikuwa namuuliza hali ya dada yake, na hakuna Jumatatu niliyouliza swali la pili. Niliisoma fomu ile na nikalia, mbele yake.

Mjomba, chuma chako kimelegea, kwa hiyo una wenzako wengi walioinuka, na umeshaambiwa kuwa hata hivyo hakuna ahadi. Asante kwa kutufundisha kuuliza. Kitengo kizima kinakutakia mapumziko mema na mguu wenye nguvu, na dada Frema akuone ukiingia mlangoni.

Serwaa Konadu
Chumba cha Plasta