Jibu la Nizigama kwa Mama Agnès

Mheshimiwa Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, Mon Père wa parokia, waganga wote wa dispansere yetu, nanyi majirani mliotoka Rugenge kwa miguu huku risasi zingali zinasikika mlimani: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na niliyemsahau asinune.

Minye ni Nizigama. Hakuna aliyelima mpunga mwingi kuliko minye katika bonde la Ruzizi, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, ingawa shule niliikimbia darasa la pili. Nimekataa kusemewa.

Leo tunamuaga Mama Agnès, muganga wetu, baada ya miaka thelathini na moja ya sindano. Nani hapa hakudungwa naye?

Mwaka wa tisini na nane, mke wangu Concilie aliumwa sukari, na mguu ulianza kupoa. Mama Agnès alitueleza kazi ya insulini: inafika kwenye chembe za ukuta wa mshipa, inagonga mlango, yenyewe inabaki nje, lakini mle ndani habari inapokezanwa mpaka mshipa unalegea na damu inapita. Concilie akasema, "Basi hiyo peke yake ndiyo inagonga Uvira na kufunguliwa." Mmesahau? Siku zile mlango ukigongwa, watu tulitorokea dirishani.

Frigo ya dispansere, ile ya kupozea dawa, ilikuwa imekufa, insulini imekwisha. Nikapanda kwa masista, upande wa Lemera, nikapita vizuizi vitatu vya askari. Nani mwingine angethubutu? Wakanipa chupa mbili ndani ya kibuyu, zimezungushiwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Mama Agnès alikuwa ameniagiza vilevile: zikae kwenye baridi, baba, mpaka hapa.

Alidunga, sukari haikushuka. Akaniuliza kando ya kitanda, "Baba Nizigama, ulizibebaje?"

Nikamjibu, "Kama ulivyosema."

Aliniamini. Akaongeza kipimo, akaongeza tena. Mguu ukawa mweusi. Siku ya tisa tulimzika Concilie, mbiombio, kwa sababu ya mabomu.

Nami nikatangaza, sokoni Nyamianda na mlangoni mwa kanisa, kwamba muganga huyu alimdunga mke wangu maji. Mliniamini, maana nasema kwa nguvu. Wengine mliacha kumletea watoto wenu. Miaka minne anapita kwangu ananisalimu, na minye natazama ziwa.

Mama Agnès, huwezi kwenda zako bila jibu. Kule milimani baridi ilinitafuna, nikaona dawa nayo itakufa. Mutu aliyelea ndama wengi kama minye, afundishwe kubeba chupa? Nikatupa kitambaa. Kila nilipopumzika niliwasha moto, nikazifukia katika majivu, kama tunavyofanya maziwa ya mtoto. Zilikuwa zinachoma vidole nilipozitoa, na nilifurahi. Dawa iliyofika kwa Concilie haikuwa tena na mkono wa kugongea mlango.

Hukumdunga maji, Mama. Nimesema kwa nguvu ileile niliyokuchafulia jina, ili waliosikia lile wasikie na hili.

Hotuba yangu imeishia hapo. Ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza; na weye, Mama, asante kwa kunisalimu miaka yote ile.